Utoto wa Ningu Nyuma ya Tuta la Nzoia

Nyuma ya tuta la mto Nzoia, magharibi mwa Kenya, chini kidogo ya daraja la Rwambwa, kuna shimo pana lililoachwa pale udongo wa kujengea tuta ulipochimbwa. Mvua za masika zilikuwa zimekatika, maji ya shimo yalikuwa yameshuka hadi magotini, na watoto walikuwa ndani yake wakikokota kipande cha chandarua kikuukuu, wawili upande huu na wawili upande ule, huku msichana mmoja akiwafuata na karai. Nilichungulia ndani ya karai. Walikuwamo kambale wadogo waliokuwa wakipindana, ngege wachanga wasiofikia urefu wa kidole, na kati yao samaki wengine wembamba, wa kijivu, ambao sikuwatambua mara moja.

Mzee mmoja, ambaye kwa miaka mingi alivua kwenye mlango wa mto huko Port Victoria, alimchukua mmoja wa wale wembamba, akamlaza chali kwenye kiganja na kuufunua mdomo wake kwa ukucha wa kidole gumba. Mdomo wenyewe uko chini ya kichwa, hauko mbele, na midomo yake ni minene yenye vikunjo, kwa sababu samaki huyu hujipatia riziki kwa kukwangua vinavyoota na kutuama juu ya mawe na matope.

"Huyu ni ningu, mwanangu," alisema.

Nilimuuliza wazazi wa ningu huyu walifikaje hapa, ilhali tuta limewatenga na mto. Akanyosha mkono kuelekea sehemu ya tuta ambayo udongo wake ulikuwa mwekundu na mpya kuliko kwingine. "Walipita pale palipobomoka. Maji yalipoingia kwenye nyumba zetu, nao waliingia."

Jibu hilo limenikaa moyoni tangu siku ile.

## Mlango uliofunguliwa na maafa

Wasomaji wa Nyanza na Magharibi hawahitaji kusimuliwa mafuriko ya mto huu huko Budalangi, wala hawahitaji kuambiwa ningu ni nani. Nitasema tu yale yanayohusu hoja yangu. Ningu, ambaye wanasayansi humwita Labeo victorianus, hapatikani popote duniani isipokuwa katika Ziwa Victoria na mito ya bonde lake. Mvua zinapoanza, wakubwa hutoka ziwani na kupanda mito, na mto unapofurika huingia kwenye majani yaliyofunikwa na maji kando yake, hutaga, kisha hurudi. Mayai huanguliwa baada ya muda mfupi tu, na vifaranga hutakiwa kuondoka kabla maji hayajakauka.

Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, ningu ndiye aliyekuwa samaki mkuu wa uvuvi wa mito yetu. Wazee wa Nzoia na Yala walimvua kwa kek, ule ua wa fito unaokatiza mto na kuachiwa nafasi za mitego ya vikapu. Kisha nyavu za makila zikaenea, zikatandazwa kwenye milango ya mito wakati ule ule ambapo majike waliojaa mayai walikuwa wakiingia, na kufikia mwaka 1965 mtafiti Cadwalladr alikuwa tayari anaandika juu ya kuporomoka kwa uvuvi wa ningu katika mto Nzoia na katika ghuba iliyoitwa wakati huo Kavirondo. Leo ningu amo katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Kwa hiyo tumezoea kuuliza maswali mawili: nani anawavua wazazi, na nani amewafungia njia ya kwenda kutaga. Ni maswali ya haki, na sitaki kuyapuuza. Lakini shimo lile lilinionyesha kisa ambacho maswali hayo mawili hayakifikii. Wazazi walikuwa wamepona nyavu. Njia ilikuwa imefunguka, ingawa ilifunguliwa na maafa yaliyowahamisha watu makwao. Mayai yalitagwa, yakaanguliwa, na vifaranga wakakua hadi kutambulika kwa macho ya mvuvi mzee. Hata hivyo, hakuna hata mmoja wao ambaye angefika ziwani, kwa kuwa pengo la tuta lilikuwa limekwisha kuzibwa na maji ya shimo hayakuwa na pa kwenda. Walionusurika karai wangemalizwa na jua.

Kuzaliwa hakukutosha.

Ndipo nilipoanza kutafuta habari za mito mingine ambako watu wamejaribu kufuatilia utoto wa samaki, yaani yale majuma na miezi kati ya yai na samaki anayeweza kujitegemea. Utafutaji huo ulinipeleka mbali sana na Nzoia.

## Mto ulionyooshwa

Mto Missouri, huko Marekani, una urefu wa takriban kilomita 3,767. Anaishi humo samaki aitwaye stajeni mweupe, mwenye pua ndefu bapa na mistari ya magamba magumu kama mifupa mgongoni na ubavuni, na mdomo ulio chini ya kichwa kama wa ningu. Anaweza kuishi miaka mingi kuliko mvuvi anayemvua, na jike huchukua muda mrefu sana kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Mwaka 1990 serikali ya Marekani ilimweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini.

Sababu zake zinaonekana ukitazama ramani. Katika karne ya 20 mabwawa makubwa sita yalijengwa kwenye mto wenyewe, kuanzia Fort Peck lililo juu hadi Gavins Point lililo chini. Kutoka Sioux City hadi mto unapoingia Mississippi karibu na St. Louis, umbali wa kilomita 1,180 hivi, mto uliokuwa mpana, wenye visiwa vya mchanga na mikono mingi, uliminywa ukawa mfereji mmoja wa kupitishia majahazi, wenye kina kisichopungua mita 2.7 na upana wa mita 91. Matuta ya mawe yalijengwa kutoka ukingoni kuelekea katikati ili kuusukuma mkondo ujichimbie njia, na nyuma ya mawe hayo matope yakatuama, yakageuka nchi kavu, na nchi kavu ikageuka mashamba.

Stajeni waliendelea kutaga. Vifaranga walianguliwa. Lakini vijana waliotarajiwa kuchukua nafasi ya wazee hawakuonekana, na kwenye sehemu za juu za mto, kwa miongo mingi, karibu stajeni wote wa asili waliopatikana walikuwa wakongwe waliozaliwa kabla ya mabwawa. Tangu miaka ya 1990 samaki huyu ameendelea kuwapo kwa msaada mkubwa wa vituo vya kuangulia mayai, ambako vifaranga hulelewa na kisha kuachiliwa mtoni.

Nilisoma habari hizo nikifikiria wataalamu wa Kenya na Uganda ambao wamekwisha kumzalisha ningu kwenye mabwawa ya kufugia. Ni kazi njema, nami naiheshimu. Lakini kituo cha kuangulia mayai huziba pengo bila kusema pengo liko wapi.

## Ekari za maji mafupi

Sehemu iliyofuata ndiyo iliyonifanya nisitishe kuandika makala niliyokuwa nimeikusudia.

Wataalamu wa Missouri waliona, kama ambavyo mtu yeyote mwenye busara angeona, kwamba kilichopotea mtoni ni maji mafupi na matulivu. Wakaeleza maji hayo kwa vipimo: kina kisichozidi mita 1.5 na kasi isiyozidi sentimita 60 kwa sekunde. Mwaka 2003 ikaagizwa kwamba yatengenezwe upya maeneo ya namna hiyo yapatayo ekari 20 hadi 30 kwa kila maili ya mto. Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani kikachimba mikono mipya ya mto, kikakata matuta ya mawe, kikapanua kingo. Kazi ilipimwa kwa ekari.

Hoja yao ilikuwa kwamba mtoto wa samaki huhitaji mahali pa kupumzika na chakula kingi. Ni hoja ninayoielewa kabisa, kwa sababu ndiyo hiyo hiyo inayosemwa kwenye mikutano yetu kuhusu mafunjo ya Yala na majani ya Bunyala, kwenye Nzoia ya chini.

Kisha watafiti wakaanza kuwatafuta watoto wenyewe. Walikokota nyavu zenye matundu madogo sana kwenye mikono mipya, kwenye kingo za mfereji mkuu, na kando ya matuta ya mawe. Stajeni wachanga wengi walipatikana pembeni mwa mfereji mkuu, karibu na yale matuta ya mawe, mara nyingi kwenye maji yenye kina na kasi kubwa kuliko vipimo vilivyowekwa. Matumbo yao yalipopasuliwa, yalikuwa na chakula: hasa vibuu vya wadudu wa jamii ya wale wanaopaa kwa mawingu juu ya ziwa letu na kuingia kwenye taa za Kisumu. Njaa, iliyodhaniwa kuwa mojawapo ya sababu kuu, haikuonekana kwa uwazi uliotarajiwa.

Kulikuwa na utata mwingine tena. Kuna stajeni wa pili katika mto huo, mwenye pua ya sepetu, ambaye ni wengi zaidi, na watoto wa aina hizi mbili hufanana kiasi kwamba mara nyingi hutofautishwa kwa kupima vinasaba. Vipimo vilionyesha kwamba takriban wote walionaswa walikuwa wa pua ya sepetu. Mengi yaliyosemwa juu ya utoto wa stajeni mweupe yalikuwa yameazimwa kwa jamaa yake.

Niliisoma habari hiyo usiku, nikaifunga kompyuta, nikakaa.

Sikuona ndani yake uzembe. Watu wale walikuwa na fedha, boti, maabara na nia njema, na walianza na dhana ya maana. Kilichonisumbua ni mpangilio wa kazi: mahali palichaguliwa kwanza, pakachimbwa, na mtoto wa samaki akaulizwa baadaye.

## Kilomita mia tano za kuelea

Jibu lililokuja kutiliwa uzito zaidi huko Missouri linahusu safari. Kifaranga wa stajeni mweupe, akiisha kuanguliwa, hana nguvu ya kuogelea dhidi ya mkondo. Huchukuliwa na maji karibu na sakafu ya mto kwa muda wa siku 11 au zaidi. Majaribio yaliyofanywa kwenye mto wenyewe yalikadiria kwamba katika muda huo huweza kusafiri kilomita 245 hadi 530, kulingana na kasi ya maji. Nzoia wote, kutoka vilima vya Cherangani hadi ziwani, una urefu wa kilomita 250 na kitu. Kifaranga mmoja wa stajeni angeumaliza wote kabla hajajua kushika njia yake.

Huko juu ya Missouri, safari hiyo huishia ndani ya maji yaliyotuama ya bwawa. Mahali mto unapoingia bwawani, tope laini huzama na kuoza, na oksijeni karibu na sakafu hupungua hadi kifaranga hawezi kuishi. Wazazi hutaga mahali pazuri, mayai huanguliwa vizuri, na mkondo wenyewe huwapeleka watoto pasipo na pumzi. Huko chini, kwenye mfereji ulionyooshwa, tatizo limegeuka: mkondo ni wa kasi na hauna mapindo, kwa hiyo kifaranga hupitishwa mbele ya maji yanayomfaa bila kupata pa kuchepukia. Ndiyo maana mipango ya karibuni imeacha kuhesabu ekari peke yake, na imeanza kubadilisha umbo la mto ili mkondo uwasukume vifaranga pembeni kwa wakati unaofaa.

Ningu si stajeni. Vifaranga wake huanzia kwenye majani yaliyofurika, hawaanzii kwenye sakafu ya mto mkuu, na mito yetu ni mifupi. Sitaki mtu achukue vipimo vya Missouri avipande Bunyala. Lakini namna ya kuuliza inafaa kuchukuliwa: uhai wa mtoto huyu hukatikia wapi, na katika juma gani?

Kwenye Nzoia, huenda ukakatikia nyuma ya tuta, kama nilivyoona. Au kwenye mfereji wa kumwagilia mpunga, ambao huwachukua wadogo pamoja na maji na kuwamwaga shambani. Kwenye Sondu Miriu, ambako ukingo wa zege hugeuza maji kuyapeleka kwenye mtambo wa umeme wa megawati 60, huenda ukakatikia kwenye kipande cha mto kinachobaki na maji machache wakati wa kiangazi. Au usikatike mtoni hata kidogo. Huenda vifaranga wanashuka salama, wakafika kwenye mlango wa ziwa ambako mafunjo yamekatwa, gugu-maji limetanda na kunyonya oksijeni, mbuta anangoja, na nyavu za kukokota zilizopigwa marufuku bado zinakokotwa usiku.

Kila mojawapo ya mahali hapo inadai dawa yake. Kufungua tuta hakumsaidii anayekufa mlangoni, na kufukuza nyavu mlangoni hakumsaidii aliyenaswa shimoni.

## Swali la mama wa Magombe

Nilirudi Bunyala nikiwa na wazo hili, nikalizungumza na watu kadhaa. Mama mmoja wa Magombe, aliyewahi kuishi na wajukuu wake kwenye kambi iliyowekwa shuleni baada ya mto kuvunja kingo, alinisikiliza hadi mwisho huku akipepeta dagaa wa omena kwenye uteo. Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa:

"Mwanangu, hao ningu nami nimewala tangu utotoni, nawapenda. Lakini ukisema tuta lifunguliwe, sisi tulale wapi?"

Sina haki ya kulikwepa swali hilo, wala silichukulii kuwa kizuizi cha hifadhi. Ndilo swali la kwanza. Hata Missouri halikukwepeka: mwaka 2014 mamia ya wenye mashamba kando ya mto waliishtaki serikali, wakidai kwamba mabadiliko yaliyofanywa kwa ajili ya viumbe yalileta mafuriko kwenye ardhi yao, na mwaka 2018 mahakama ilikubaliana na wengi wao kuhusu miaka kadhaa ya mafuriko hayo. Wale walikuwa na mawakili na hati za mashamba. Mama wa Magombe ana wajukuu na nyumba ya udongo.

Kwa hiyo sitaandika kwamba tuta libomolewe. Natamka wazi kwamba nalitaka liwe imara. Ninachokitafuta ni tuta lenye milango: makalvati, yaani mabomba ya kupitishia maji chini ya tuta, yenye vifuniko vinavyofunguka wakati mto ukiwa juu kidogo tu na vinavyofungwa mto unapotishia, yaliyowekwa mahali ambapo ng'ambo yake kuna malisho na hakuna makazi, na juu ya yote, yenye mfereji wa kuyarudisha maji mtoni. Hili la kurudi ndilo husahaulika. Kumwingiza ningu mzazi ni nusu ya kazi, na kama maji hayana njia ya kutoka, tutakuwa tumechimba shimo lingine kama lile la Rwambwa, kubwa zaidi na la gharama zaidi.

Lakini hata hilo nalisema kwa masharti.

## Kabla ya zege

Sharti langu ni kwamba watoto watafutwe kwanza. Nyavu za matundu madogo zikokotwe kwa majuma yale yale, usiku na mchana, nyuma ya tuta na mbele yake, kwenye mifereji ya mpunga, kwenye kingo za mto mkuu penye mkondo na pasipo na mkondo, na kwenye mlango wa ziwa. Na zikokotwe kwa misimu kadhaa ya masika na vuli, kwa sababu msimu mmoja wa mvua nzuri unaweza kumdanganya mtu yeyote. Zikokotwe pia mahali ambapo hakuna anayetarajia kuwapata. Stajeni wachanga walipatikana kando ya mawe yaliyowekwa kuuminya mto, mahali ambapo ramani ya matumaini isingewaonyesha.

Na wanaozikokota wasiwe wageni peke yao. Ningu mchanga huchanganywa kwa urahisi na samaki wengine wadogo wa mtoni, na mzee yule alimtambua kwa kumgeuza mara moja tu kwenye kiganja. Watoto wenye chandarua wanajua ni shimo gani huwa na samaki juma la kwanza baada ya maji kushuka, na ni lipi huwa tupu. Akina mama wanaotega mitaroni wanajua ni mwezi gani wadogo huongezeka. Ujuzi huu ulipwe, uandikwe, upewe tarehe na mahali, kisha upimwe pamoja na vipimo vya maabara. Taasisi ya utafiti wa samaki tunayo hapa hapa Kisumu, na vyuo vikuu vya Maseno na Jaramogi Oginga Odinga haviko mbali.

Gharama ya kazi hiyo ni ndogo ukiilinganisha na gharama ya zege. Miradi ya matuta na mifereji kwenye Nzoia ya chini tayari inaendelea, na kila mkataba unaotiwa saini huamua utoto wa ningu utapita wapi, hata kama jina lake halimo kwenye karatasi.

Kikao kijacho cha ushirikishwaji wa umma kitakapoitwa, nitakwenda na ombi moja lililoandikwa: kwamba michoro ya makalvati isipitishwe kabla ya kuwapo ripoti ya mahali vifaranga wanapopatikana na mahali wanapokosekana. Ripoti hiyo ikionyesha kwamba wanajaa nyuma ya tuta na kufia humo, nitadai milango na mifereji ya kurudi. Ikionyesha kwamba wanashuka kwa wingi na kutoweka kwenye mlango wa ziwa, nitaacha habari ya milango, na fedha hizo nitataka zipelekwe Port Victoria, kwenye mafunjo na kwenye doria ya usiku. Mama wa Magombe amekubali kwenda nami, kwa sharti kwamba swali lake lisomwe kabla ya langu.